Jumamosi Ambayo Munguti Hakutoka Kazini

Simu ilipolia, Mwongeli alikuwa amepiga magoti sakafuni dukani kwake Kitengela, pini zimejaa mdomoni, akipima upindo wa sketi ya msichana wa shule aliyesimama juu ya stuli. Namba hakuijua. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena.

"Wewe ni dada ya Munguti?" sauti ya mwanamume iliuliza, na nyuma yake upepo ulikuwa ukivuma. "Mimi ni Lemayian, wa Kimana. Jirani yake huku shambani."

"Ndio mimi."

"Dada, uko na mtu hapo karibu?"

Mwongeli alitema pini kiganjani. Mtu akikuuliza swali hilo, umekwisha kuambiwa. "Sema tu," akasema.

"Alikuwa kwa vitunguu. Tulikuwa tunaongea vizuri, tunacheka hata. Nikageuka kufunga maji, kurudi hivi, yuko chini. Tumemkimbiza hospitali, lakini daktari amesema ni moyo. Pole, dada. Pole sana. Hata hakuniaga."

Mwongeli alishukuru, akakata simu, akarudi chini akamaliza upindo. Msichana alimtazama kwa hofu kwa sababu fundi alikuwa amemchoma goti kwa pini bila kuona. Alipokwisha, alimvua mtoto ile sketi, akaishona, akaipiga pasi, akaikunja. Kisha akaitoa kwenye mfuko akaipiga pasi tena. Maneno ya yule mtu wa Kimana yalikuwa yakimzunguka kichwani kama nzi: hata hakuniaga. Bila kujua, Lemayian alikuwa amemweleza Munguti mzima kwa maneno mawili.

Munguti Kaloki alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Kaloki na Mama Mukai, Wakamba waliotoka Makueni kufuata kazi ya kiwanda cha nyama Athi River, wakati Kitengela ilikuwa bado nyika na pundamilia walipita nyuma ya choo asubuhi. Mzee alinunua kipande cha ardhi Kisaju kwa familia ya Kimaasai, akajenga nyumba ya mabati, na watoto wake wakakua wakisema Kikamba jikoni, Kimaasai kisimani na Kiswahili kanisani. Mwongeli, mkubwa, alikuwa mtoto wa miguu. Hakukaa. Munguti alikuwa mtoto wa kutazama na kuweka. Akiwa shule ya msingi alirudishwa nyumbani kwa utundu wa ajabu: mwalimu alitaka kufuta ubao kabla Munguti hajamaliza kunakili, mtoto akatoka kwenye dawati, akaenda mbele, akakishika kifutio kwa mikono yote miwili akakataa kukiachia. Mzee Kaloki alicheka mpaka akakaa chini. Alisema huyu hatafanya kazi ya nyama.

Lakini kuaga mtu hakuweza. Siku ya kwenda shule ya sekondari huko Kajiado, mama yake aliamka kumpikia uji akakuta kitanda kitupu na sanduku halipo. Alikuwa ameshafika barabarani peke yake. Siku ya arusi yake mwenyewe aliondoka kabla ya wageni, akamwacha Nanjala, mkewe, akiwapungia mkono watu wa kwao Bungoma. "Mume wangu haendi mahali," Nanjala alizoea kusema. "Anapotea tu, kisha anarudi na mkate." Watu walicheka, naye Munguti alicheka nao, kisha ukigeuka hayupo.

Baada ya Fomu Foo alisomea kompyuta Nairobi, akaajiriwa na benki moja kwenye kituo chake cha kompyuta kando ya barabara ya Mombasa. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kubeba tepu. Huko ndani kulikuwa na ile kompyuta kubwa wanayoiita meinfremu, iliyoshika akaunti za watu wote, na kila mwisho wa juma akaunti hizo ziliwekewa nakala kwenye tepu, zikafungiwa chumba cha chuma. Baadaye zikaja kabati mpya za diski, nakala ikawa jambo lingine kabisa, na Munguti akawa ndiye mwenye kuisimamia, na siku za mapumziko akilima vitunguu kwenye shamba alilokodi Kimana. Mama Mukai aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba mwanawe analinda kompyuta. Wote wakaelewa kuwa ni soja wa getini, wakawa wanamwombea asivamiwe.

"Waambie ukweli basi," Mwongeli alimhimiza.

"Si uongo," Munguti alijibu. "Mimi ni soja. Tofauti ni kofia tu."

Hivyo ndivyo walivyokuwa, dada na ndugu, mpaka ile Jumamosi ya miaka miwili iliyopita.

Mzee Kaloki alikuwa amelazwa Kajiado, mapafu yamechoka. Asubuhi daktari aliwaambia waite watu wake. Mwongeli alipiga simu. Munguti alisema anamaliza kazi, anakuja. Mzee alikuwa na akili zake zote, ila sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Munguti amefika?" akauliza. "Yuko njiani, baba," Mwongeli akasema. Adhuhuri akauliza tena. Munguti sasa hapokei simu. "Amepita Kitengela," Mwongeli akasema. Alasiri: "Amepita Isinya, baba. Kuna malori mengi." Jua lilipokuwa likielekea kuzama, mzee alifungua macho, hakuuliza, alitazama mlango tu, na Mwongeli akainama sikioni kwake akasema, "Ameingia geti. Anaegesha gari." Mzee akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Munguti alifika asubuhi ya Jumapili, kadi ya kazini ingali inaning'inia shingoni, macho mekundu. Dada yake alikuwa amesimama kwenye veranda ya wadi na blanketi la baba mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nakala ilikuwa haijakamilika," Munguti akasema.

Mwongeli alimtazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Basi nenda ukaizike hiyo nakala yako."

Maneno hayo hakuyafuta, wala Munguti hakuyajibu. Walimzika baba yao Kisaju, wakaendelea kuishi kama watu wa ukoo mmoja: habari, nzuri, mama amekunywa dawa. Lakini katika kanisa lao mtu mwenye neno na ndugu yake haketi kwenye Meza ya Bwana, na Mwongeli ni mtu anayemwogopa Mungu. Kwa hiyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkate ulipofunuliwa, yeye aliinuka akaenda jikoni kuangalia chai ya waumini. Mchungaji Saning'o alimsifu mbele ya watu kwa moyo wa utumishi. Sifa hiyo ilimwumiza kuliko karipio. Wakati mmoja Munguti alimfuata mpaka mlango wa jikoni akaanza, "Dada, kuhusu ile Jumamosi..." Mwongeli akasema, "Chai inafurika," akaingia, ingawa maji yalikuwa bado baridi.

Sasa Munguti alikuwa ameletwa kutoka Kimana, amelala mochari ya Kajiado, na nyumba ya Kisaju ilijaa watu. Hema lilifungwa. Wanawake wa kanisa waliimba jioni. Nanjala alikaa kwenye godoro na bintiye Sandra mapajani, mtoto mkubwa ambaye miguu yake ilifika sakafuni. Mama Mukai alikaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, akipokea mikono. Mwongeli hakukaa popote. Aliosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Alihesabu viti, akavihamisha, akavirudisha. Aliwafukuza mbuzi wasiokuwa wakimdhuru mtu. Akiingia ndani alikosa hewa, akitoka nje alikumbuka kitu ndani. Usiku akifumba macho alimwona baba yake akitazama mlango.

Mchungaji Saning'o alimkuta akifagia uwanja kwenye upepo, vumbi likirudi pale pale lilipotoka.

"Dada Mwongeli, weka ufagio chini kidogo. Wewe ndiwe mkubwa wao. Utasoma historia ya ndugu yako siku ya mazishi, na baada ya mama na Nanjala na mtoto, wewe utatia udongo."

"Tafuta mwingine, Mchungaji."

"Mwingine nani? Mko wawili tu."

Aliendelea kufagia. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Niko na neno naye. Siwezi kusimama mbele ya Mungu nimtupie udongo na neno liko."

Mchungaji aliinua kiti kilichoangushwa na upepo, akakisimamisha. Alikuwa mtu aliyechunga ng'ombe utotoni, na haraka hakuijua. "Hiyo chai ya Meza ya Bwana," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Sitakulazimisha. Ila usiniambie asubuhi ya mazishi. Niambie kabla, nijue."

Akaondoka. Mwongeli akabaki na ufagio. Ndani ya moyo wake alikuwa akiomba jambo moja, na aliliomba kwa maneno hayo hayo akiwa kisimani, akiwa jikoni, akiwa amelala macho wazi: Bwana, nijulishe kwamba hangeweza kutoka. Kama ile mashine ilimshika kweli, basi hakukuwa na kosa, na mwenye kukosa alikuwa yeye Mwongeli, na hilo angeweza kulitubu akasimama kaburini mwepesi. Alitaka hivyo kuliko chakula.

Wafanyakazi wenzake Munguti walikuja mchana, wakashuka kwenye basi la ofisi wakiwa na maji ya chupa na mikate. Mmoja wao, mwanamke mrefu wa kutoka Kajiado aitwaye Soipan, alimwinamia Mama Mukai, akamwamkia kwa Kimaasai kama mama yake mzazi.

"Takwenya, yeiyo."

"Iko," mama akaitika, maana alikuwa ameishi na Wamaasai muda mrefu kuliko alivyoishi Makueni. "Wewe ndiwe alikuwa anakutaja. Soja mwenzake."

"Soja mdogo, mama. Yeye alikuwa soja mkubwa." Soipan akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Alikuwa anatuambia, 'Mashine ikikuambia kazi imekwisha, usiamini, hata wanaume wanasema hivyo.'"

Wanawake walicheka hata Nanjala akainua kichwa. Mwongeli alimngoja amalize kusalimia, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye sufuria za maharagwe. Alimpa mwiko, kwa sababu hakujua ampe nini kingine.

"Nieleze hiyo kitu inaitwa nakala," akasema. "Nieleze pole pole. Mimi niliishia Fomu Foo."

Soipan alikoroga. "Wewe ni wa kwaya, si ndiyo? Alituambia. Uko na kitabu cha nyimbo?"

"Niko nacho. Nimekiandika kwa mkono."

"Sasa tuseme kanisa lingine linataka kitabu chako, venye kiko leo. Zamani, siku za tepu, ingebidi kwaya inyamaze. Hakuna kuimba, hakuna kurekebisha wimbo, mpaka mtu amalize kukinakili mwanzo mpaka mwisho. Benki inalala, watu wanangoja. Sawa?"

"Sawa."

"Kabati mpya hazifanyi hivyo. Unaambia kila mtu ainue kalamu, kidogo tu, ili pasiwe na wimbo umeandikwa nusu. Unatoa amri. Papo hapo mashine inajibu: nakala iko tayari. Kwaya inaendelea kuimba."

"Haraka hivyo? Nani ameandika?"

"Hakuna." Soipan alitabasamu kama mtu anayefundisha jambo alilolipenda. "Hapo ndipo iko ujanja. Kitabu kipya ni karatasi tupu. Kila ukurasa una alama tu, inasema: huu bado, angalia kwa Mwongeli. Mtu akifungua kitabu kipya, anaonyeshwa ukurasa wako. Anaona nyimbo zote ziko. Hajui anasoma chako."

"Huo ni uongo."

"Ni uongo uko na mpango, dada. Kwa sababu sasa wewe ukitaka kufuta wimbo uandike mwingine, unashikwa mkono. Ngoja kwanza! Ule wa zamani unahamishwa kwa kitabu kipya, alama inaondolewa, ndipo unaachwa ufute. Kwa hivyo kitabu kipya kinabaki na kila kitu venye kilikuwa saa ile ya amri, hata wewe ukibadilisha chako namna gani. Na huku nyuma, polepole, mashine inaendelea kunakili zile kurasa hazijaguswa, mpaka ziishe. Zikiisha, kitabu kipya kinaweza kusimama peke yake."

"Na kabla ziishe?"

"Kabla ziishe, chako kikiungua, vyote viwili vimekwenda. Kile kipya kinabaki alama tu za kukutafuta wewe, na wewe hauko."

Mwongeli aliinua kifuniko cha sufuria ya pili, akakirudisha. "Ile Jumamosi baba yetu alikufa."

"Naikumbuka."

"Hiyo nakala ilikuwa imefika wapi?"

"Ilikuwa imeanza. Na diski za upande wa kwanza, yaani kile kitabu chako, zilikuwa zinasumbua, zinaleta maonyo tangu Ijumaa. Wengine wakiona imeandikwa 'tayari' wanachukua koti. Munguti hakuwahi. Alikuwa anakaa mpaka ukurasa wa mwisho."

Mwongeli alimsogelea. "Kwa hivyo ni kweli," akasema. "Hangeweza kutoka."

Soipan aliacha kukoroga.

"Hangeweza kutoka," Mwongeli akarudia. "Sema basi."

"Dada, mimi pia ni mtu wa kanisa. Usiniulize hivyo."

"Nimekuuliza."

Mwanamke yule aliweka mwiko juu ya kifuniko kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika. "Ilihitaji mtu," akasema. "Haikuhitaji yeye. Zamu ilikuwa yangu. Yake ilikuwa imeisha. Nilimwambia, Munguti, enda kwa mzee, mimi nitaangalia hii kitu. Nilimbebea hata begi mpaka kwa gari. Akaingia, akawasha. Nikarudi juu. Kukaa kidogo hivi, naona yuko mlangoni."

"Akasema nini?"

"Nilimuuliza, kwani umesahau nini? Akasema, 'Mzee ananingoja aniage. Nisipoenda, ataendelea kungoja.'"

Maharagwe yalichemka yakamwagikia moto, ukatoa mvuke, na hakuna aliyeinama kuondoa kifuniko.

"Alikaa," Soipan akaendelea, sasa haraka, kama mtu aliyetaka limtoke lote. "Jioni nakala ikakamilika. Nikamwambia, imekamilika, enda. Akasema tuihakikishe. Tukaihakikisha. Akaanza kunifundisha vitu nilikuwa najua. Simu yake ilikuwa kwa meza, imegeuzwa chini. Alipoigeuza akaona ujumbe wako, hakulia. Aliuliza tu, 'Amekwenda bila mimi?' Kama mtu ameonewa. Mimi nafikiri alikuwa amezoea, dada. Huko kwetu hakuna kitu kinafutwa kabla hakijawekwa mahali. Kinashikwa, kinangojeshwa. Alidhani hata mzee atashikwa."

Mwongeli alijifuta mikono kwenye leso. Akageuka, akapita kamba za nguo, akatoka kwa lango la nyuma.

Alitembea haraka bila kujua aendako. Mifuko ya plastiki ilikuwa imekwama kwenye ua wa waya ikipiga kelele. Mbali barabarani malori ya kokoto yalikuwa yakishindana. Kwa hiyo lile neno la nakala lilikuwa uongo. Miaka miwili alikuwa amemchukia kwa sababu alichagua mashine, na hakuwa amechagua mashine. Alikuwa amejificha nyuma yake, mtu mzima mwenye mke na mtoto, kama alivyojificha na sanduku lake kwenda Kajiado. Na yeye Mwongeli akabaki kwenye kile kiti cha wadi, akimsukuma njiani kwa maneno, Kitengela, Isinya, geti, akimdanganya mtu anayekufa, kwa ajili ya gari lililokuwa limeegeshwa Nairobi tangu asubuhi! Alikuwa ameomba kosa liondolewe. Mungu alikuwa amemjibu kwa kumwonyesha kosa lenyewe, mahali lilipo, na ukubwa wake.

Miguu yake ilimfikisha makaburini pasipo kutaka. Vijana walikuwa wamechimba udongo mweusi mpaka kiunoni na sasa sululu ziligonga mwamba.

"Mama, usikaribie," mmoja akasema. "Hapo ukingoni panabomoka."

Akarudi nyuma. Akatazama kaburi la baba yake lililo kando, saruji yake imepata ufa. Hakuomba. Hakuwa na la kuomba. Akarudi nyumbani kwa hatua zile zile za haraka.

Wageni wa benki walikuwa wamekwenda. Mama Mukai alikuwa ndani peke yake, amepumzishwa kitandani, viatu vyake vimepangwa chini. Mwongeli alifunga mlango, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, yote aliyoambiwa. Alidhani mama atashtuka.

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijua, Mwaitu?" Mwongeli akauliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Alikuja akanieleza, mwaka ule ule. Alilia hapo uliposimama, nikamshika kama mtoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ni lake, atakwambia kwa kinywa chake. Kila akija namuuliza, umemwambia dada yako? Anasema, 'Jumapili hii, Mwaitu.' Jumapili inapita." Mama alijiinua kwa kiwiko. "Nawe ukimwona anakuja, unakimbilia chai. Mnafikiri mimi ni kipofu? Nimezaa watoto wawili, wote wa kukimbia. Mmoja alikuwa anakimbia kwaheri. Wewe unakimbia pole."

Mwongeli alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu Lemayian alipopiga simu.

"Nilimdanganya baba," akasema. "Nilimwambia anaegesha gari."

"Hilo ni la baba yako na Mungu. Huko wameshalizungumza." Mama alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono, akakishika kwa nguvu ambazo hakuonekana kuwa nazo. "La Munguti ndilo liko kwako. Alikosa. Hakuna mtu anakuambia hakukosa. Alimwacha baba yake akitazama mlango. Sasa unamfanyia nini?"

Mwongeli aliinama. Alilia basi, kwa sauti, uso kwenye blanketi la mama yake, mpaka Nanjala akafungua mlango kuona ni nani. Nanjala naye akaingia, akakaa upande wa pili wa kitanda, bila kuuliza. Alikuwa anajua pia, mke hujua. Walikaa hivyo mpaka giza likaingia na mtu akaleta taa.

Alipotoka, Mwongeli alitafuta simu yake, akampigia Mchungaji Saning'o.

"Nitasimama," akasema.

"Lile neno limekwisha?"

"Bado. Lakini nimelijua ni neno gani. Litakwisha nikiwa nimesimama."

"Amina, dada," Mchungaji akasema. "Hiyo inatosha kusimamia."

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Walimchukua Kajiado asubuhi, wakapita Isinya, wakafika Kisaju kabla ya jua kuwa kali. Jeneza liliwekwa chini ya hema, likafunuliwa sehemu ya uso, watu wakapita. Alikuwa amevaa suti ya arusi. Sandra aliweka mkono kwenye kioo, mama yake akamwacha auweke kadiri alivyotaka.

Kwaya iliimba. Mkubwa wa Munguti kutoka benki alisema maneno machache. Lemayian, aliyekuja kutoka Kimana na shuka jekundu juu ya koti, alisema kwamba vitunguu vya Munguti vitavunwa na kuletwa kwa mjane, na kwamba huko shambani alikuwa mtu wa kusaidia kila mtu kufungua maji.

Kisha Mwongeli alisimama. Alisoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani. Alieleza kazi yake, kwamba alizitunza akaunti za watu wasiomjua ili zisipotee, na kwamba hakuwa soja wa geti, jambo lililowafanya akina mama wa kanisani watazamane. Kisha akaikunja ile karatasi.

"Baba yetu alipokuwa anakufa, Munguti hakuja," akasema. "Wengi wenu mliona, mkanyamaza, Mungu awabariki. Aliogopa kuagwa. Mimi nilikasirika, nikakasirika muda mrefu kuliko ilivyofaa, na alipokuja kuniambia nilikataa kusikia. Hayo yalikuwa kati yangu na yeye. Leo mbele ya Mungu na mbele ya mama, nimemsamehe. Naye huko aliko namwomba anisamehe."

Hakusema zaidi. Mchungaji Saning'o aliomba.

Waliingia makaburini wakiimba. Wanaume walishusha jeneza kwa kamba. Kona moja ikagonga mwamba, wakalinyanyua kidogo, wakalinyoosha, likakaa. Mchungaji akasoma. Mama Mukai alitia udongo kwanza, akishikwa mabega. Nanjala akafuata, kisha Sandra. Mwongeli alipofika ukingoni aliinama, akachukua udongo mweusi mkono mzima, akasema kwa sauti ambayo walio karibu waliisikia, "Kwaheri, Munguti. Nenda kwa baba." Akautia. Akabaki amesimama hapo mpaka jamaa wengine wote walipokwisha kutia.

Vijana walichukua majembe. Udongo ulijaa, wakaupanga tuta, wakasimika msalaba wenye jina lake. Nanjala aliweka maua, na baada yake benki, na kwaya. Mchungaji akatoa baraka. Watu walirudi hemani wakala wali na nyama, wakaaga mmoja mmoja, wakaondoka. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mwongeli aliketi kwenye safu ya kwaya, na mkate ulipofika kwake, akaupokea.